Sahani ya Kumpelekea Mjane

Lalla Zhor wa mji wa Fez, Moroko, alikuwa mjane aliyejua umri wa vyombo vya udongo vizuri kuliko wenye vyombo walivyojua umri wa wake zao. Ijumaa moja jirani yake Si Abdelhak (“Si” kwao ni Bwana, kama “Lalla” ni Bibi), muuza ngozi na mjuzi wa kila kitu, aliingia na bakuli la buluu alilonunua mjini Meknes, pamoja na sahani ya kuskusi ya ngano na mchuzi aliyotumwa na mkewe.

"Miaka mia tatu, Lalla. Wewe thibitisha tu."

Lalla Zhor alipitisha kidole kwenye kitako cha bakuli, kisha akalinusa. "Kitako kinakwaruza kama kimetoka tanuruni jana. Na nyufa zimepakwa chai ili zionekane za kale. Hata sukari hawakusahau."

"Basi miaka mia mbili?"

"Hapa hatupatani bei ya nyanya, Si Abdelhak."

Si Abdelhak akanuna. Lalla akala kuskusi yake bila haraka, sahani ikabaki tupu, naye akaigeuza. Ilikuwa imepasuka na kushonwa kwa pini za chuma, na kitako kimelainika kwa kusuguliwa vizazi na vizazi.

"Na hii je?"

"Hiyo? Ya bibi yake mke wangu. Mbovu, tunawapelekea watu..." Akauma ulimi.

"Hii ndiyo ya miaka mia tatu. Hata na pini zake, uza bakuli lako mara hamsini, hufikii bei yake."

Si Abdelhak aliikumbatia sahani, mafuta ya mchuzi yaliyobaki yakamchafua kanzu nyeupe. Bakuli akalisahau.

Ijumaa iliyofuata kuskusi ya mjane ililetwa kwenye beseni la plastiki.