Mguu Pande

Leo asubuhi nimechemsha vitambaa kwa maji ya chumvi. Mvuke uliponipanda puani, nikajikuta tena mtoto, barazani kwa shangazi kule Lituhi. Alikuwa muuguzi wa jeshi, na kustaafu kwake kulikuwa jina tu. Kila Jumamosi askari wa zamani walimletea vidonda vyao, naye akawafunga kwa shuka za mitumba alizozichana yeye, nikazichemsha mimi.

Jumamosi moja baba mmoja alishuka kwenye lori la kahawa kutoka Kingerikiti. Akaketi, akaufunika mguu kwa koti.

"Si kitu, afande. Nimepita kukusalimia tu."

Harufu ilisema mengine. Shangazi hakumbembeleza. Alisimama wima, akapaza sauti:

"Mguu pande!"

Ilikuwa amri ya gwaride, na mguu ukaitii kabla mwenyewe hajakataa. Ukachomoka kwenye koti, umevimba, unatoa usaha. Nikaziba pua.

"Toa mkono puani," shangazi akaniambia taratibu. "Mguu huu ulikwenda vitani wewe hujazaliwa. Uambie asante."

"Asante," niliuambia mguu.

Yule baba akacheka sana, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Hospitali wanataka kuukata, afande."

"Hawaukati. Utakuja kila Jumamosi."

Akaja, mpaka siku aliyokuja akitembea.

Sasa vitambaa vimepoa. Shangazi ameketi kitandani, miguu ameifunika kwa khanga.

"Si kitu, mwanangu. Ni sukari tu hii."

"Mguu pande, afande."

Ukatoka. Nikauambia asante kabla sijaugusa.