Vita vya Wagiriki kwa Masinia ya Pilau

Naomba mniwie radhi mapema kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zinatambaa. Kuna maneno nimeyakata mara mbili na bado sina hakika nayo, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini kwa mengine yaliyomo humu sitaomba radhi, isipokuwa kwa pilau, na hiyo nilishaiombea.

Nina miaka kumi na tisa. Naishi Adelphi, huku Marekani, kwa mama yangu mdogo na mwanawe wa miaka saba, na nafanya usafi kwenye maofisi huko Gaithersburg. Ni mtu wa haya tangu nimezaliwa. Dereva wa basi akinipitisha kituo changu, simwambii kitu. Nashuka kinachofuata nikarudi kwa miguu, hata kwenye theluji.

Kitabu nilikipata maktaba, kwenye rafu ya vitabu wanavyovitoa bure. Nilikichukua kwa sababu hakikutaka kuomba wala kusaini. Kilikuwa cha Kiingereza, kinene, chenye picha, kinaeleza maisha ya majemadari wa Wagiriki wa kale. Nilikisoma majira ya baridi yote, kidole kwenye mstari na kamusi kwenye goti, na kila nilichokielewa nilikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari.

Nilidhani jemadari ni mtu wa kukaa juu ya farasi akinyoosha kidole. Wale walisimama ndani ya safu na watu wao, wakafa ndani ya safu. Mmoja wa mji wa Thebe alipochomwa mkuki wa kifua, aliuliza kwanza ngao yake iko wapi. Mwingine wa Athene alishinda vita, akapanda meli kuondoka, halafu akagundua kwamba amesahau maiti mbili za askari wake ufukweni. Kwa sheria yao, anayemwomba adui maiti ndiye aliyeshindwa. Alituma watu waende kuomba. Aliona bora apoteze ushindi kuliko wale wawili walale bila kaburi. Sehemu hiyo niliisoma mara nyingi.

Tena walikuwapo majemadari waliomshinda adui baharini, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa wenzao waliokuwa wakizama. Walipofika nyumbani, mkutano wa mji ukapiga kura wauawe. Nilimsimulia mama mdogo akiwa anakatakata vitunguu.

"Waliwashinda maadui halafu wakauawa na watu wao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hao ni kama kamati yetu," akasema, akafuta macho.

Kamati ni ya wazazi wa darasa la Kiswahili la Jumamosi. Lipo kwenye ukumbi wa kuazima, Wheaton, na linachanganya watoto wa Watanzania, Wakenya, Wazanzibari na Wakongo. Mimi nilikuwa nampeleka tu mtoto wa mama mdogo. Mwalimu alipohamia jimbo jingine, wakaniambia nikae na watoto wiki mbili mpaka apatikane mwenye elimu. Wiki mbili zikawa miezi.

Nilipewa kadi za rangi na matunda. Nainua embe, watoto wanataja embe kwa Kiingereza. Nainua nanasi, vilevile. Wanaelewa kila kitu, kwa sababu nikisema "kuna biskuti" hakuna anayebaki kwenye kiti. Lakini kujibu, hapana. Binti wa mwenyekiti wa kamati, wa miaka minane, asiye na meno mawili ya mbele, kwa mwaka mzima alikuwa amesema neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "asante", tena akiminywa bega na baba yake.

Siku moja binti huyo akaona kitabu kwenye mkoba wangu, picha ya mtu mwenye chapeo ya manyoya. Akauliza kwa Kiingereza huyu nani. Mimi Kiingereza changu hakifiki hapo, kwa hiyo nikasimulia kwa Kiswahili. Wote wakasogeza viti. Nilipofika mahali majeshi mawili yanakaribiana nikasimama nipumue, naye akauliza, kwa Kiingereza tena, nani alishinda.

"Jemadari wa Wagiriki hasikii Kiingereza," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemdhulumu. Akafikiri.

"Nani... ali... shinda?"

"Bado. Kaa chini usikie."

Kuanzia hapo kadi za matunda zilibaki kwenye boksi. Nilikuwa naongea saa nzima bila kutetemeka, mimi ambaye siwezi kumwambia dereva asimame.

Kulikuwa na jambo moja kitabuni nililolikataa. Kiliandika kwamba askari wa Kigiriki alishika mkuki kwa mkono wa kulia na ngao kwa mkono wa kushoto. Nusu ya ngao ilimkinga yeye, nusu ya pili ilimkinga jirani wa kushoto. Kwa hiyo ubavu wake wa kulia ulikuwa wazi, na kinga yake ni ngao ya jirani wa upande huo. Kila mtu, kwa woga, hujibana kwa jirani, naye jirani hujibana kwa mwenzake, na jeshi zima likienda mbele huwa pia linasogea kulia. Majemadari walijua hivyo na hawakuweza kulizuia. Mimi nikasema hao ni wazembe. Ningekuwa mimi ningepiga kelele, "Kushoto!" na wangekwenda kushoto.

Siku ya wazazi ilipokaribia, nikaamua tuwaonyeshe safu. Ngao zilikuwa shida. Jikoni kwa ukumbi kulikuwa na masinia ya kuandalia pilau, makubwa, mazuri, mali ya mama wa Unguja anayesimamia chakula, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Nilipaswa kumwomba. Nilienda mpaka mlangoni mara mbili, mara zote mbili nikarudi. Kwangu mimi kuomba ni kazi kubwa kuliko kuiba. Bi Mkubwa alipotoka kwenda kuchukua vitu kwenye gari, nikabeba masinia tisa.

Niliwafunga watoto masinia kwa mitandio, mkono wa kushoto. Mikuki ilikuwa magazeti yaliyoviringishwa. Adui alikuwa viti vilivyopangwa mbele ya ukumbi. Wazazi walisimama kushoto na simu zao juu. Kulia kulikuwa na meza ya chakula: sufuria ya pilau, sambusa, chupa za chai.

"Safu!" nikaita. Wakajipanga, sinia juu ya sinia, na binti wa mwenyekiti mwisho kabisa wa mkono wa kulia, mahali pa heshima.

"Mbele!"

Hatua tano walikwenda sawa. Kisha mtoto wa kushoto kabisa akaona simu zote zinamtazama, akajificha nyuma ya sinia la jirani. Jirani akasukumwa, akajibana kwa mwenzake. Mwenzake naye hivyohivyo. Nikaona kwa macho yangu safu nzima inaanza kwenda upande, kama kitabu kilivyosema, na mwili ukanisisimka kwa furaha kabla sijakumbuka kuna meza.

"Kushoto!" nikapiga kelele. "Kushoto jamani!"

Kushoto walikujua. Hakuna aliyekwenda. Binti wa mwishoni alijitahidi, alikaza miguu, lakini wanane walikuwa wanamsukuma. Aligonga meza kwa nyonga, meza ikateleza, na sufuria ikaanguka. Pilau ilikuwa imeshapoa, kwa hiyo hakuungua mtu, lakini ilikuwa ya ukumbi mzima, na yote ilikwenda sakafuni.

Halafu wazazi wakaanza kuwaita watoto wao, kila mmoja kwa jina, waondoke haraka. Watoto wawili wakaanza kuvuta miguu. Ndipo yule binti, amesimama ndani ya wali mpaka kwenye kifundo cha mguu, akapiga ukelele:

"Msivunje safu!"

Sikumfundisha kuisema hivyo. Aliiunganisha mwenyewe. Na hawakuivunja. Walisimama pale tisa, masinia juu, mpaka nilipowaambia washushe.

Kamati iliitisha kikao Jumamosi iliyofuata. Kwenye basi mama mdogo alinishauri.

"Omba radhi, lia kidogo, watakusamehe. Watu wazima wanapenda kusamehe."

"Nitaomba radhi. Kulia sitalia."

"Haya, jemadari."

Mwenyekiti ni Mkenya, anafanya kazi ya kompyuta Gaithersburg. Si mtu mbaya. Alianza kwa upole.

"Sikiza, dada. Watu wametoka mbali na familia zao kukuja kukula. Wakapata chakula kwa sakafu. Ungejiskia aje?"

Bi Mkubwa hakumngoja amalize. "Pilau iache, pilau hupikwa nyingine. Masinia yangu tisa, kayabeba kama mwizi! Mawili yamebonyea. Wallahi ungeniomba, mwanangu, ningekupa hata kumi."

Hilo liliniumiza kuliko yote, maana lilikuwa kweli.

Kisha akasimama mama mmoja mwenye shahada ya elimu, ambaye walikuwa wamempata achukue darasa. Akasema vita si mambo ya kuwafundisha watoto, na kwamba humu ukumbini wamo waliokimbia vita vya kweli. Akamtazama baba wa Kikongo aliyekaa nyuma, ambaye watoto wake wawili walikuwa kwenye safu. "Tena, samahani sana," akaendelea, "huyu binti amesoma mpaka wapi?"

Mama mdogo akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Darasa la saba," nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo.

Baba wa Kikongo akainuka. "Mama, mimi niliona vita. Vita haina masinia. Batoto bangu banasema 'usivunje safu' mpaka kwa bafu. Mbele ya pale hawakusema hata 'maji'. Munataka nini ingine?"

Wengine wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akasema kamati imependekeza hivi: naweza kubaki kama msaidizi, chini ya mama mwenye shahada, nifundishe rangi na matunda kwa kadi. Wagiriki basi. Vita basi. Akaniuliza kama nina la kusema.

Nikasimama. Nilisema masinia niliyachukua bila ruhusa, nimekosa, na nitaosha vyombo vya Bi Mkubwa kila shughuli mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Pilau pia ni kosa langu, maana kitabu kilinionya nikajiona najua zaidi. Nikasema hapo ndipo makosa yangu yanapoishia.

"Kuhusu Wagiriki sijakosa," nikasema. "Mnasema ni habari ya kuua. Mimi nimewasimulia watoto mtu aliyekubali kuitwa mshindwa kwa ajili ya maiti mbili. Nimewasimulia mfalme wa Sparta aliyekuwa kilema wa mguu na jemadari mkubwa. Siku moja mgeni aliingia kwake akamkuta amepanda fimbo, anacheza farasi na wanawe. Mfalme akamwomba asimwambie mtu mpaka naye awe na watoto. Nyinyi watoto mnao tayari. Kwa hiyo semeni tu, mwambieni kila mtu, kwamba tulicheza. Na embe, kwa kadi, sifundishi tena. Wanalijua embe. Walikuwa hawana la kusema juu yake."

Nikakaa. Mama mdogo alikuwa ameniminya paja, sijui kwa hasira au kwa nini.

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ya kunitoa kwenye ualimu ilikuwa mingi, hapakuwa na haja ya kuihesabu. Mwenyekiti akaniuliza mara ya mwisho kuhusu usaidizi, na kweli nadhani alitaka nikubali.

"Hapana. Asanteni."

Mlangoni Bi Mkubwa alinishika mkono. "Yale mawili yaliyobonyea chukua. Mimi siandalii watu sinia lenye nundu. Na Jumapili kuna arusi, uje uoshe."

Nilikwenda, nikaosha. Bado naosha.

Jumamosi sasa tunakutana chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu. Mashine zinanguruma, inabidi nisimulie kwa sauti kubwa, jambo ambalo linanifaa. Mtoto wa mama mdogo yupo, na ndugu wawili wa ghorofa ya tatu, na baba wa Kikongo huwaleta watoto wake wawili, anakaa juu ya ndoo kusikiliza. Mwenyekiti aliniandikia ujumbe nisitumie jina la darasa lao. Nikamjibu kwamba hili si darasa, ni jeshi.

Binti yake hajaja. Sitadanganya, ananisumbua moyoni. Siwezi kumwiba kama masinia, na baba yake nimeshamwomba mara moja, kwa mdomo wangu, kwenye maegesho ya magari, akasema ataona. Nitamwomba tena. Mpaka aje, mwisho wa safu mkono wa kulia nasimama mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita mmoja wa wale ndugu aliniuliza, kwa Kiswahili, kama sisi tulikuwa na majemadari, au ni Wagiriki peke yao. Nikasema tulikuwa nao. Akasema basi simulia. Nikabaki nimesimama na daftari mkononi, maana shuleni nilikariri majina matatu, na nani kati yao alishindwa na Wazungu, na zaidi ya hapo sina. Nataka kujua walikula nini usiku wa kuamkia vita, walimwogopa nani, waliporudi nyumbani watu wao waliwafanyia nini. Kama kwenu kuna kisa cha namna hiyo, hata kifupi, hata usichokuwa na hakika nacho, kiandike unitumie kwa mkono wa yule aliyekupa karatasi hizi, ananifahamu. Nitakisoma polepole, lakini nitakimaliza, na Jumamosi nitakisimulia.