Tanuri Langu na la Shemeji

Ukuta wa chuma ulianza kuwa mwekundu kwa nje, mchana kweupe, kama shavu lililopigwa kofi.

Tanuri langu hilo. La shemeji, pembeni tu, shwari.

Nimezunguka viwanda vingi, lakini hicho cha kuyeyusha chuma nusura kinitoe roho. Matanuri mawili, yamejengwa wakati mmoja, ndani yametandikwa matofali yaleyale. Moja nalisimamia mimi, lingine mume wa dada yangu. Kama wake wenza vile.

Shemeji huyo tulimwita Kobe. Hana haraka. Anagusa bomba la maji, anasikiliza, anarudi kwenye chai yake.

Na matofali yake hayaliki!

Mkuu alishasema: tanuri litakaloharibika kwanza, msimamizi wake atoke. Nyumbani nako, mama yangu mzazi anamsifia mkwewe mbele yangu.

Roho iliniuma, jamani. Nikasema huyu ana dawa.

Akitoa chuma kingi, nami naachia hewa ya moto mpaka tanuri linanguruma. Mkuu akipita, naipunguza, nionekane mtulivu. Akiondoka, naachia tena.

Ndipo ukuta ukawa mwekundu. Tukazima.

Lilipopoa, tukaingia mimi na Kobe. Matofali yamelika, yamebaki kama kipande cha mwisho cha sabuni. Isipokuwa pembe moja, iliyofunikwa gamba zito jeusi. Kobe akalibandua kwa nyundo. Chini yake, tofali kama la jana.

"Dawa yangu ndiyo hii, shemeji," akasema. "Takataka ya chuma ikiganda ukutani inakuwa blanketi. Ukipandisha moto na kushusha, inapasuka, inadondoka. Tofali linabaki uchi."

Afadhali angekuwa mchawi.

Nikangoja kufukuzwa. Kimya. Mkuu akalijenga langu upya, kisha akalifunga la Kobe kwa uzee. Moyoni nikacheka: haya Kobe, beba gamba lako uende.

Siku ya kuwasha nilivaa ovaroli mpya. Nikamkuta Kobe kasimama mbele ya tanuri langu. Kapewa yeye. Mimi niko chini yake, na aliyeniombea nibaki kazini ni yeye huyohuyo.

Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Amri yake ya kwanza: "Shemeji, hewa usiiguse."

Ndugu zangu, tofali haliuawi na moto. Linauawa na moto leo, baridi kesho, moto tena. Ukiishi kwa kumchungulia jirani, unapanda, unashuka, utapasuka wewe. Yeye hana habari.