Springi ya Kochi la Bibi

Siku hizi mashua za mashine zinapita Kilindoni mchana kutwa na hakuna anayeinua kichwa kuzitazama. Mimi kila nikisikia moja inakohoa huko nje kisha inazimika, hucheka peke yangu, na mke wangu aliye chumbani hunijibu kwa kicheko chake. Hatuambiani kitu. Sote wawili tunajua tunachokicheka.

Ilikuwa zama za Wadachi, kabla ya vita vyao na Waingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka Unguja kusoma kwa mashehe, nina kilemba kipya na ndevu chache, na pale Kilindoni nikisomesha watoto Kurani. Mjomba wangu alikuwa na minazi mingi aliyorithi kwa baba yake, mtu ambaye wazee wake walitoka Omani. Jirani yake wa shamba, Mdachi mmoja, aliugua homa akafunga virago kurudi kwao, na mjomba akainunua mashua yake.

Kwa kuitazama ilikuwa mashua kama nyingine, ila katikati, ndani ya sanduku la mbao, palikuwa na mashine: chuma kitupu, gurudumu zito ubavuni, na bomba la moshi limetokeza juu. Ilikula mafuta ya taa. Ukitaka kuiwasha unakipasha kichwa chake kwa taa ya kupuliza mpaka kiwe chekundu, kisha unazungusha gurudumu kwa nguvu zako zote, na yenyewe ikiridhika inaitika, tuku, tuku, tuku, mashua inaondoka.

Mjomba akawa hana mazungumzo mengine. Hata alipokwenda Ndagoni kuniposea mchumba, alizungumza habari za mashua zaidi ya habari zangu. Babu yake yule binti, ambaye ndiye aliyekuwa na neno katika nyumba ile, alimsikiliza, akamsikiliza, mwisho akamuuliza:

"Hicho chombo hakitaki tanga?"

"Hakitaki."

"Wala kasia?"

"Wala kasia, wala upondo wa kusukumia, wala kuvutwa. Kinakwenda chenyewe."

"Vizuri. Basi bwana harusi aje nacho Ijumaa. Nikiona tanga limetwekwa, au kasia, au upondo, au kamba ya kuvutia, mjukuu wangu hatoki mpaka baada ya Idi."

Watu waliokuwapo walicheka sana. Mzee yule alikuwa binamu yake bibi yangu, mama yake mjomba, na kwetu mabinamu hutaniana mpaka wanazikana. Kwa hiyo nyumba yetu yote alikuwa akiitania. Lakini alikuwa na sifa moja iliyojulikana mpaka Bwejuu: utani wake akishausema mbele ya watu, haurudishi nyuma. Na ile Ijumaa ilikuwa ya mwisho katika Shaabani. Baada yake ni Ramadhani, na hakuna anayeoa Ramadhani.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuwafundisha watoto aya za subira. Nilipoletewa habari hiyo nikaona zile aya ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Siku chache kabla ya safari tukaitia mashua majini kuijaribu. Tulikipasha kichwa, tukazungusha gurudumu. Kimya. Mjomba akazungusha, nahodha akazungusha, nami nikavua kanzu nikazungusha. Mashine ilikuwa ikipumua tu, hoo, haa, kama mtu aliyelala.

Nahodha wa mjomba alikuwa mtu wa tanga tangu utoto, na ile mashine alikuwa hasemi nayo. Akakaa juu ya ukingo wa mashua, akatia tambuu mdomoni.

"Imechoka," akasema.

"Imechoka na nini? Tangu tuinunue haijafanya kazi!" mjomba akamjibu.

"Basi imezoea."

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Mjomba alisema mafuta yameingia maji. Tukayamwaga yote, tukayachuja kwa kitambaa, tukayarudisha, maji hayakuwamo. Nahodha akasema labda moto haukutosha. Tukakipasha kichwa mpaka rangi ya sanduku ikaanza kutoa malengelenge. Hoo, haa. Mimi nikakaa nikatafakari. Nilikuwa nimeona, Mdachi alipokuwa akiizungusha, kwamba gurudumu lilikuwa zito, mtu anagugumia, kwa sababu pumzi ilikuwa ikizibwa ndani kabla ya kutoka. Sasa linazunguka jepesi. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, nikamwambia nahodha azungushe taratibu. Pumzi ikawa inatoka na kuingia bila kizuizi.

"Mjomba, kuna mlango haufungi."

"Mlango gani? Hii ni nyumba?"

Nikainamisha pua. Bomba lilikuwa likinuka papa. Si kidogo; lilinuka kama ukumbi wa mvuvi. Hapo kila mmoja wetu akatazama upande wake, kwa maana sote tulikumbuka kwa wakati mmoja.

Kwetu chombo kipya hakishuki majini hivi hivi. Kinafukizwa ubani, kinasomewa dua, na mbao zake zinapakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, nje na ndani, mpaka zilewe. Ndivyo chombo kinavyopokelewa. Sasa mjomba aliponunua ile mashua, aliona si adabu kuzipaka mbao peke yake na mashine imekaa pale katikati ikitazama. Mimi ndiye niliyesoma dua. Nahodha ndiye aliyeshika kopo. Mjomba ndiye aliyekuwa akisema, "Tia na hapa. Usiwe bahili, tia na hapa." Kila tundu lililoonekana lilinyweshwa.

Tukakifungua kile chuma. Ndani mlikuwa na kilango kidogo cha kutolea moshi, ambacho vijana siku hizi wanakiita valvu, na juu yake springi ya kukirudisha kifunge. Sifa ilikuwa imepikwa na moto, imekuwa nzito nyeusi kama halua iliyoungua, na kilango kimenata humo wazi.

Nikasema tutie ndimu na majivu, tusubiri, kitalegea chenyewe. Mjomba akasema sawa, tusubiri. Nikaenda kuchuma ndimu. Nilipokuwa bado mtini nikasikia mlio wa nyundo, mara moja tu, kisha sauti ya mjomba ikisema, "La haula!"

Kilango kiliachia. Springi ilikatika vipande viwili.

Hapo ndipo nilipoona harusi yangu inahamia baada ya Idi. Springi kama ile ilikuwa Ulaya, na kama ilikuwapo karibu zaidi basi ni Darisalama, na jahazi la kwenda na kurudi lingetukuta tumeshaanza kufunga. Tulizunguka Kilindoni nzima. Mtego wa panya wa mwenye duka ulikuwa na springi, lakini ilikuwa dhaifu. Kilango kiliisukuma kama kinasukuma uzi. Nahodha alikunja waya wa dema, mtego wake wa samaki, kuuzunguka mpini wa jembe, ukatoka umbo zuri kabisa, na tulipoubonyeza ukabaki umebonyea. Fundi cherehani alituona kwa mbali tunakuja, akaingia ndani na cherehani yake akafunga mlango.

Jioni tukaenda kwa bibi kumpa habari. Bibi alikuwa na kochi. Nataka kueleweka: katika Kilindoni ile, watu walikalia mikeka na vitanda vya kamba. Kochi lilikuwa moja, jekundu, limeletwa kutoka Bombei na marehemu mume wake, na bibi alikuwa akilikalia tangu alfajiri mpaka anapoitwa kula. Alitupokea, tukambusu mkono, akarudi kukaa. Kochi likalia: kwiii.

Mjomba akanitazama. Nami nikamtazama. Kisha wote wawili tukatazama pale chini bibi alipokalia.

"Mnatazama nini?" bibi akauliza.

"Tunakutazama wewe mama. Leo umependeza," akasema mjomba.

"Tangu mdogo ukitaka kuniibia sukari husema nimependeza. Sema unachotaka."

Mjomba akakohoa. Nikasema mimi, kwa upole wote niliofundishwa na mashehe wangu: "Bibi, ndani ya kochi hili kuna springi."

"Zipo. Hazijawahi kuniudhi."

"Tunaomba moja."

Alitafuna tambuu yake taratibu. Tulidhani anakasirika. Kumbe alikuwa akihesabu faida.

"Binamu yangu ndiye aliyesema hamtafika?"

"Ndiye."

"Chukueni. Lakini nami nakwenda Ndagoni. Na nakwenda nimekaa juu ya kochi langu, aone."

Tukalipindua kochi, tukapasua kitambaa chini, tukatoa springi ya pembeni. Ilikuwa nene, ndefu mno. Tuliikata kwa tupa kwa zamu, tukajaribu, tukakata tena, kwa uangalifu kama mtu anayemkata kucha mtoto, kwa kuwa ukikosea hakuna kurudisha. Kilango tulikisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikang'aa, na safari hii nyundo nilikuwa nimeikalia mimi. Mjomba akazungusha gurudumu. Likawa zito. Akagugumia. Tuku. Tuku, tuku, tuku. Nahodha alitoka mbio mpaka ufukweni.

Ijumaa baada ya sala tukaondoka. Mbele walikaa wapiga dufu, watu wa kaswida, na matari yao mapajani. Juu ya sanduku la mashine tuliweka kochi, na juu ya kochi bibi, na buibui lake, na mwavuli. Mimi nilikaa chini miguuni pake na joho langu, nikisoma Yasini kimoyomoyo kwa ajili ya kipande cha chuma. Watu wa pwani walitoka majumbani kutazama. Bibi aliwapungia mkono kama liwali.

Tulikwenda vizuri karibu njia nzima. Lakini springi ya kochi haikuumbwa kwa moto. Imeumbwa kuvumilia mtu, si jehanamu. Tulipofika mlango wa hori ya Ndagoni, ule mkono wa bahari uingiao kwenye mikoko, ambako mbele ya kona tu kuna mchanga na nyumba za akina mchumba, sauti ikaanza kuvuta, tuku... tuku... kisha hoo, haa. Springi ilikuwa imelegea. Moshi ukakatika.

Nahodha akausogelea upondo uliolazwa chini ya mashua.

"Usiuguse!" mjomba akapiga ukelele wa chinichini. "Watauona!"

Nami nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku za Ramadhani. Lakini mashua haikusimama. Yalikuwa maji ya bamvua, na yalikuwa yakijaa. Mkondo ulikuwa ukiingia horini kwa nguvu, na sisi tumo juu yake. Nahodha alishika usukani, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mashua ile inunuliwe.

Bibi akawageukia wapiga dufu. "Nyinyi mmekuja kupiga au kulala? Pigeni kama ilivyokuwa ikilia."

Walitazamana. Kisha kiongozi wao akainua dufu. Tuku, tuku, tuku. Wengine wakampokea. Tuku, tuku, tuku, tuku. Tukazunguka kona hivyo, mjomba amesimama na mkono juu ya gurudumu lisilozunguka, bibi kwenye kochi amenyooka, mpaka chini ya mashua kukagusa mchanga, taratibu, kama mtu anayewekwa kitandani.

Mzee alikuwa amesimama pale pale majini mpaka magotini, pamoja na watu wa Ndagoni wote.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba." Hakunitazama, alikuwa akitazama bomba. "Binamu, mashine yenu ina sauti nzuri. Inakaribia kusoma kaswida. Lakini mbona haina moshi?"

"Imefunga," bibi akamjibu. "Shaabani hii. Wewe hukufunga?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee alijizuia. Bibi hakumpa nafasi: "Umeona tanga limetwekwa?"

"Sikuona."

"Kasia? Upondo? Kamba?"

"Sikuona."

"Basi mwite walii wa kuozesha."

Mzee akanigeukia. Hapo uso wake haukuwa wa utani. "Wewe umesoma. Nakuuliza mbele ya hawa: mashine ndiyo iliyokufikisheni hapa?"

Mjomba alinikanyaga kidole cha mguu. Nilimwona bibi amefumba macho. Ndani ya nyumba ya mbele, nyuma ya pazia, palikuwa na mtu ambaye nilikuwa sijamwona uso, anasikiliza.

"Babu," nikasema, "mashine ilituleta mpaka mlango wa hori, ikafa. Kutoka pale tumeletwa na Mwenyezi Mungu, kwa maji yake."

Wapiga dufu walikuwa wanatazama vidole vyao. Mzee akazamisha mkono majini, akautazama mkondo jinsi unavyouvuta kwenda ndani, akanyanyua kichwa.

"Ningemrudisha aliyeletwa na mjomba wake," akasema. "Aliyeletwa na huyo uliyemtaja, mimi ni nani wa kumrudisha? Teremkeni. Na huyo aliye juu ya kochi ateremshwe kwa adabu, asije akatuvunjia pwani."

Nilioa kabla ya magharibi, alhamdulillahi.

Tuliporudi siku ya pili, upepo ulikuwa mzuri, na nahodha akamwomba bibi asimame kidogo. Akavuta kutoka chini ya kochi tanga zima lililokunjwa, ambalo bibi alikuwa amelikalia njia nzima huku akimwuliza binamu yake kama ameliona. Upondo ukasimamishwa ukawa mlingoti. Mjomba alikaa karibu na mashine yake, ameipa mgongo.

Bibi alituachia kochi, mimi na bibi harusi. Pale ilipotolewa springi palikuwa pamebonyea, na yeyote aliyekaa upande ule alimvuta wa pili, huyo akaserereka mpaka akamwegemea. Mke wangu alijivuta pembeni kwa haya, akateremka tena. Akajivuta, akateremka. Mara ya tatu hakujivuta.

Baadaye fundi alikuja kuniuliza kama nataka kulitengeneza. Mke wangu alimjibu kutoka chumbani, kabla yangu, kwamba kochi halina ubovu wowote.