Kaka Kazinunua Pembe Zangu

Jamani, leo nimejua kaka wa tumbo moja naye anaweza kukudhulumu.

Mnajua niliweka rehani shamba la minazi la marehemu mume wangu. Nilinunua majora ya nguo, yakaenda bara na msafara wa kaka Salum kubadilishwa kwa pembe za ndovu. Tulikubaliana pembe zikifika, nusu ni zangu.

Zikafika salama.

Jana Salum akaingia kwangu akitweta, ndiyo kwanza katoka Unguja. "Dada, meli imeleta habari. Bei ya pembe imeanguka huko Ulaya. Niuzie fungu lako, hasara nibebe mimi."

Nililia kwa shukrani, wallahi. Nikamuuzia kwa bei ya kutupa.

Leo asubuhi Mhindi mwenye duka ananipongeza: "Bibi, una bahati! Pembe zimepanda sana Ulaya."

Nikaenda mbio kwa Salum. Nikamkuta anazifunga pembe zangu zisafirishwe.

Wala hakukana. "Ungeuliza na wengine kwanza, dada."

"Nimuulize nani, nawe ndiye kaka yangu?"

Akaendelea kufunga.

Fedha za kulikomboa shamba sina, ndilo hilo linakwenda. Na sasa hivi mke wa Salum kaniletea sahani ya haluwa, eti tusigombane.

Nimeirudisha. Nyie mngeila?