Pono wa nyumbani kwetu

Wengi wetu tukisema mtu ana usingizi wa pono, tunamaanisha ni mvivu. Tunamwonea samaki wa watu.

Leo mchana, hapa Kipawa, dada yangu amekuja na samaki kutoka soko la feri. Akagonga mlango mpaka majirani wakachungulia.

Mke wa mwanangu, Neema, hakusikia. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku.

Mimi natokea dukani, namkuta dada amefura.

"Kaka, mwanao ametuolea pono!"

Mlango ukafunguka hapohapo.

Neema akatokea. Kwao ni Njombe, mbali na bahari. "Shikamoo shangazi. Pono ndiyo nini?"

Ndoa bado changa, na jina la uvivu likikushika kwenye ukoo wetu, unazeeka nalo.

"Marahaba." Dada akachomoa kwenye mfuko wa sokoni samaki wa kijani na buluu. "Huyu hapa."

Ikabidi niingilie. Nilifundisha biolojia, kunyamaza siwezi. Pono mchana kutwa anaguguna matumbawe, na kinachomtoka ni ule mchanga mweupe tunaoukanyaga ufukweni. Usiku wengine hujifunika ute kama shuka, wakalala fofofo. Wamechoka!

Neema akacheka. "Basi shangazi hujakosea. Mimi ni pono, ila zamu yangu ni ya usiku."

Dada akashika njia ya jikoni na samaki wake. "Haya, rudi ukalale, pono wangu. Nakaanga mwenyewe."

Na amekaanga kweli. Naandika nimeshiba.

Kwenu pono ni nani? Kama amelala saa hizi, punguza sauti ya redio.