Jirani Niliyemtaja Ofisini

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Asubuhi nilikuwa ofisi ya benefiti, ile misaada ya serikali kwa wasio na kazi. Yule dada wa mezani akaniuliza: nikipata kazi, Sumeya wangu wa miaka miwili atabaki na nani?

Ukweli ni kwamba ada ya nasari, ya kulea mtoto mchana, ingekula karibu mshahara wote. Lakini mnatujua sisi. Niliona aibu kuonekana sina watu.

Nikajigamba: "Ah, jirani yangu Mama Hibo atanishikia. Kwetu hatulipani kwa mtoto."

Akaandika, akatabasamu. Basi, akasema, naweza kufanya kazi siku nzima. Kuna ya usafi, kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Nikikataa, benefiti zitakatwa.

Nikapanda basi kurudi Castle Vale, mtaani kwetu, nikapitia dukani kununua sambusa, maana Mama Hibo mwenyewe nilikuwa hata sijamuuliza.

Nikapiga hodi. Akafungua, akanikumbatia kabla sijamaliza salamu.

"Mama Sumeya! Wallahi nilikuwa nakuja kwako. Nimepata kazi! Jumatatu, alfajiri. Nimewaambia pale ofisini kwamba Hibo wangu atabaki na wewe."

Nikamwonyesha tu barua ya kazi niliyopewa ofisini: Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.

Aliisoma mara mbili, kisha akaketi palepale kwenye ngazi.

Sambusa wamezila watoto. Sisi chai imetupoea mkononi, tunalia kimyakimya wasitusikie.

Wazazi wenzangu wa Birmingham, hebu niambieni: kati yetu wawili, nani arudi pale mezani akaseme hana mtu?